Kamera Yenye Uzi Mwekundu

Nsambya, line ya polisi
Jumamosi alasiri

Mwanangu Aber,

Ninapoandika uko hapo nje ya mlango, umekalia ndoo iliyopinduliwa, unawapiga picha kuku wa jirani kwa boksi lako la chaki. Mmoja amekataa kusimama vizuri na unamgombeza kama Ssalongo wa studio anavyogombeza watoto wa wateja. Kesho asubuhi utaondoka na Mama Otieno kwenda Kisumu. Barua hii atakutunzia yeye mpaka uweze kuisoma mwenyewe. Nimemwomba asikusomee. Kuna jambo humu ambalo nataka ulipate kutoka kwangu, na nikikutazama usoni sauti inakwama. Unanijua. Hata kumwomba mwenye duka chumvi huwa nakutuma wewe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza hapa kambini tangu uanze kusema, na huko uendako watakufundisha kukisoma. Jina la Baba sitaliandika, kwa maana mizigo hufunguliwa mpakani. Mama Otieno analo kichwani, atakupa.

Mimi ni dada yako, nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne miezi minne iliyopita. Lakini nakuita mwanangu na sitaona aibu kwa hilo. Mama alifariki siku uliyozaliwa, nikiwa na miaka kumi. Mama Otieno, ambaye mume wake alikuwa mtu wa reli upande wa pili wa ua, alikuwa ananyonyesha mtoto wake. Alikuja akakuchukua bila kuulizwa, akakuweka kwenye titi la pili. Ndiyo sababu naweza kukuachia mikononi mwake. Mambo mengine yote niliyafanya mimi: kukubeba mgongoni, kukutafunia nyama, kukuimbia. Uliniita Mama mpaka siku watoto wa line walipokucheka, "Mama gani huyo anavaa sare ya shule?" Jioni hiyo ukaniita Dada. Nilicheka mbele yako, halafu nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Sitakuandikia habari za kuoga na kupiga mswaki na kusalimia wakubwa. Mama Otieno anayajua hayo kuliko mimi. Nataka kukueleza habari ya picha ya Baba.

Boksi ulilonalo nililileta kutoka shuleni, lilikuwa na chaki za rangi. Ulikuwa na miaka mitano, na ulikuwa unalia kwa sababu Ssalongo alikukataza kugusa kamera. Nilitoboa tundu mbele, nikabandika kifuniko cha soda ubavuni kiwe kitufe, nikafunga kamba ya kiatu uivae shingoni. Nilidhani utacheza nalo siku mbili.

Lakini uliligeuza kitu ambacho mimi sikukifikiria. Ulikuwa unakaa jikoni, jicho kwenye tundu, unasema, "Nimempiga Baba picha. Yuko getini, anakula kasava kwa siri." Baba akirudi unamuuliza, naye anaapa kwamba hakula kasava, huku akijifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. Siku nyingine ukasema umepanda na kamera juu ya kanisa, umeipiga Kampala yote, halafu umeshuka nayo chini ya kitanda na kuona viatu vya Otieno alivyokuwa anavitafuta. Kweli viatu vilikuwepo. Otieno akakasirika.

"Kamera yako inapitaje ukuta?" alikuuliza.

"Haina mwili," ukamjibu. "Boksi ni la kushikia tu."

Na kuna siku ulinijia na boksi, ukasema umempiga picha Mama. Hujawahi kumwona Mama. Nilikuuliza anafananaje. Ukasema, "Ana mikono kama yako, na anapepeta mtama."

Mimi nilikuwa nimeanza kukaa katika studio ya Ssalongo kule Kisugu kila likizo na kila Jumamosi. Ssalongo aliwahi kuwa msaidizi wa Mhindi mwenye studio hiyo. Wahindi walipofukuzwa, yule mzee alimwachia kamera mbili na chumba cha giza cha kusafishia picha. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu wa haya kama mimi, kwa sababu mpiga picha haangaliwi. Kamera zile hutazami mtu moja kwa moja. Unainama juu ya kidirisha kidogo, na mtu anatokea humo, mdogo, anang'aa, kulia na kushoto vimebadilishana. Ningeweza kumtazama mtu yeyote humo, hata mwanajeshi, bila kuogopa macho yake.

Halafu filamu zikawa adimu, kama sukari na sabuni. Zilikuja moja moja, zikiletwa kutoka Nairobi na watu wa reli. Lakini wanajeshi hawakuacha kuja. Waliingia watatu wanne, wamevaa miwani, wanasukumana mbele ya pazia.

"Wewe msichana! Piga sisi. Na hii bunduki ionekane."

Usingeweza kumwambia mtu kama huyo kwamba hakuna filamu. Kuna mwenye studio kule mjini aliyesema hivyo, wakasema anazificha na anaihujumu serikali. Kwa hiyo Ssalongo alichukua kamera moja, akaiacha tupu, akafunga uzi mwekundu kwenye mkanda wa kamera hiyo ili tusiichanganye na ile yenye filamu. Alinieleza siku ya kwanza, sauti chini, akinitania kwa kuniita nyabo, yaani bibi, ili nisiogope.

"Nyabo, sikia. Hii ya uzi ni ya hewa. Afande nakuja, nataka picha, we piga. Taa nawaka, kamera nalia, yeye nafurahi. Akirudi wiki ijayo, sema firimu naungua. Yeye napona, mimi napona, wewe napona."

"Na akikasirika, Ssalongo?"

"Atakasirika kwa firimu. Firimu haiendi jela."

Basi hilo likawa neno letu, kupiga hewa. Niliwapiga hewa wanajeshi wengi. Niliwaambia wanyanyue kidevu kidogo, niliwanyoosha kola, nilihesabu moja mbili tatu. Nilizoea. Ndilo kosa langu la kwanza, mwanangu, na nakuambia kwa sababu lilikuja taratibu sana. Ile kamera tuliifunga uzi ili tupone kwa watu wenye bunduki. Halafu mkono wangu ukajifunza kwamba hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote, kuliko kufungua mdomo na kusema, "Sina."

Jumamosi moja, wiki niliyomaliza mitihani, Baba alikuja studio akiwa amekushika mkono. Ssalongo alikuwa amekwenda kula. Baba alikuwa na sare yake ya polisi, imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Wakati huo askari wa kwetu, watu wa kaskazini, walikuwa wanaitwa mmoja mmoja kutoka zamu zao na hawarudi. Wake zao walikuja kuketi kimya mlangoni kwa Mama Otieno. Nyumbani hatukulizungumza. Baba hakuwahi kutuomba kitu, unamjua, hata chumvi ikikosekana kwenye mboga alikula akasema ni tamu. Siku hiyo aliomba.

"Mpiga picha," alisema, akinisalimu kwa kunipigia saluti ili ucheke, "nataka picha yangu na huyu bibi mdogo."

Kamera zote mbili zilikuwa mezani. Nikashika ile yenye uzi.

Nilimweka kwenye kiti, nikakusimamisha katikati ya magoti yake, na boksi lako la chaki shingoni. Ulikataa kulivua. Nikainama juu ya kidirisha. Nikamwona akikunong'oneza kitu sikioni, ukacheka kwa nguvu, naye akacheka. Nikabonyeza. Taa ikawaka.

"Itatoka lini?" akauliza.

"Wiki ijayo, Baba."

"Asante, mwanangu," akasema, akavaa kofia yake.

Jumatano walimwita kutoka kwenye zamu yake. Mtu mmoja aliona gari, hakuona namba, au hakutaka kuziona. Mpaka leo hajarudi, na hakuna ofisi ambayo sikusimama mlangoni kwake, mimi nisiyeweza kuomba chumvi.

Baada ya hapo watu walianza kuuliza juu ya ile picha. Mama Otieno aliuliza, wake wa askari waliuliza, kwa sababu nyumbani hatuna picha nyingine yake isipokuwa ya kitambulisho, na hicho alikuwa nacho mfukoni. Nikawaambia inasafishwa. Nikawaambia dawa za kusafishia zimeisha. Mwisho nikawaambia filamu iliungua, kwa maneno yaleyale niliyowaambia wanajeshi, na Mama Otieno akanikumbatia akalia na mimi. Sijawahi kujichukia kama nilipokuwa kwenye mikono yake.

Wewe hukuuliza hata mara moja. Nilikuwa na uongo tayari kwa ajili yako, nimeutengeneza vizuri, na kila jioni nilingoja uulize. Hukuuliza. Nilidhani ni utoto, umesahau.

Leo asubuhi nilipokuwa nakunja magauni yako, nilijua siwezi kukuacha uvuke mpaka na uongo. Mama Otieno anakuvusha kama mmoja wa watoto wake, waliomo kwenye karatasi yake. Mimi ni mkubwa, sina karatasi, na jina letu linasomeka kuwa ni la kaskazini. Ningewaponza wote. Tena nyumba hii ya polisi wametuambia tuihame, na lazima abaki mtu ambaye Baba akirudi atamkuta. Nitakuwa Kisugu, kwa mke wa Ssalongo. Kwa hiyo nilipiga magoti mbele yako na gauni la bluu mkononi, nikakwambia, "Aber, ile picha ya Baba. Kamera haikuwa na filamu. Nilipiga hewa."

Ukanitazama kama mtu anayeambiwa kwamba kuku ana manyoya.

"Najua," ukasema.

"Unajua vipi?"

"Baba aliniambia. Ilikuwa ile ya uzi. Alisema Ssalongo huwa anaileta kambini kupiga wakubwa, na picha zao haziji kamwe. Alisema, 'Cheka, Aber, cheka sana. Hii haina kitu ndani, lakini dada yako asione aibu.'"

Kisha ukaniomba nisisahau kufunga kikombe chako cha bati.

Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Alijua. Alinyoosha kola yake, akakaa wima mbele ya kitu kitupu, akauliza itatoka lini, akanishukuru. Wewe unadhani hadithi imeishia hapo, na ulinipapasa shavu kama mtu anayesamehe kitu kidogo. Lakini ulisamehe nusu. Baba pia alijua nusu. Alidhani kwamba filamu haikuwepo.

Ilikuwepo, mwanangu. Katika kamera ya pili, isiyo na uzi, ilikuwa imebaki picha moja. Wiki hiyo Ssalongo alikuwa ameniambia, "Nyabo umemaliza shule. Ile ya mwisho ni yako." Nilikuwa sijawahi kupigwa picha peke yangu maisha yangu yote. Shuleni nilikuwa najificha nyuma ya warefu. Nilikuwa nimeshafua blauzi yangu nyeupe ili nivae sare kwa mara ya mwisho Jumapili, nipigwe. Baba aliposimama mbele yangu niliziona kamera zote mbili, na nilijua kabisa ipi ina nini. Nilijiambia filamu nyingine inakuja kutoka Nairobi, nitampiga tena, hana haraka. Yeye aliyepiga pasi sare siku ya mapumziko yake! Mtu yeyote angeona kwamba ana haraka. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kidirisha changu.

Filamu ilikuja siku kumi baadaye. Niliikuta juu ya meza, bado iko kwenye karatasi yake.

Hilo halijui mtu. Ssalongo hakuuliza, kwa sababu hakujua kwamba Baba alikuja. Ningeweza kulificha mpaka kufa. Sijui kama ninaloandika litakusaidia kitu. Labda utakapokuwa mkubwa utakasirika, na utakuwa na haki. Ila nisingependa uishi ukidhani kwamba tulikosa picha ya Baba kwa sababu ya nyakati mbaya. Nyakati zilikuwa mbaya, ni kweli, lakini hii niliifanya mimi.

Nimefikiri sana juu ya boksi lako na kamera ya Ssalongo. Kamera ya kweli ina mwili. Lazima isimame mahali, mtu asimame mbele yake, mwanga umguse mtu huyo na uguse filamu. Haiwezi kupita ukuta. Haiwezi kumpiga Mama. Yako inakwenda popote, haitaki mwanga wala dawa, inapaa juu ya kanisa na kuingia chini ya kitanda. Na kitu kimoja kizuri zaidi: haikumdanganya mtu yeyote. Kila mmoja anajua boksi ni la chaki. Ile yenye uzi mwekundu ilidanganya kwa sababu ilikuwa na sura ya kamera ya kweli, kioo na taa na mlio, na watu waliiamini kwa kuitazama. Ukikua utakutana na vitu vya aina hiyo, na watu pia. Mimi nilikuwa mmoja.

Lakini iko tofauti nyingine, na hii ndiyo inayoniuma. Boksi lako linaonesha kile tu ambacho tayari unacho. Mikono ya Mama uliyoiona ilikuwa mikono yangu. Kamera ya kweli hushika hata kile ambacho hakuna aliyekiona: nzi begani, uzi uliochomoka, kivuli cha mtu mlangoni. Mara nyingi tulikuwa na Ssalongo katika chumba cha giza, picha inajitokeza polepole kwenye maji, tukasema, "Kumbe alikuwa analia!" Sisi tuliokuwa naye tulikuwa hatujaona.

Najaribu sasa kumtazama Baba tena katika kile kidirisha. Nakuandikia ninavyomkumbuka, uwe nayo. Paji la uso pana. Sikio moja limekaa nje kidogo kuliko lingine. Kovu juu ya nyusi; katika kidirisha lilikuwa kulia kwangu, kwa hiyo ukimtazama usoni lilikuwa kushoto kwako. Usije ukakosea hapo. Meno yake ya mbele yameachana. Mkono wake mkubwa uko juu ya boksi lako, kidole kwenye kifuniko cha soda, kama anayetaka kupiga na yeye. Hapo naishiwa. Siwezi kukwambia kama alikuwa anaogopa. Nikigeuza kamera ya kichwani upande huu na ule, naona tu nilichokwisha kukiona, na siku ile sikuangalia. Filamu ingeangalia. Ingetuambia.

Ndani ya bahasha hii kuna picha. Ni mimi, nimevaa sare ya shule, blauzi nyeupe, nimekunja mikono. Ssalongo aliipiga Jumapili ile. Sikuwahi kumwonesha mtu, na mara mbili nilitaka kuichana. Nimeamua uende nayo, kwa sababu ndiyo nafasi ya Baba, na ni wewe unayepaswa kuamua la kuifanyia. Ukiitazama paji la uso utaona la nani.

Nimeacha kalamu kidogo kwa sababu umeniita. Sasa nimerudi na naandika haraka, kabla jua halijaondoka dirishani.

Uliita kutoka nje, "Dada! Toka, nataka ya kwenda nayo."

Nikasema nina kazi.

"Ni moja tu. Imebaki moja," ukasema.

Sijui ulilitoa wapi neno hilo. Nafikiri ulilisikia studio. Nilitoka. Ulinisimamisha kwenye ukuta, ukarudi nyuma hatua tatu, ukaja kunyoosha kola yangu, ukarudi tena. Ukainama juu ya boksi kama ninavyoinama mimi, ingawa tundu la boksi liko mbele. Kuku walikuwa miguuni kwangu. Mama Otieno alisimama mlangoni kwake, na furushi la mablanketi kichwani, anatutazama.

"Usilie," ukasema. "Kamera inaona."

Nilijua kwamba hakuna kitu ndani. Nilitoboa tundu lile mwenyewe, kwa kisu cha jikoni. Nikanyanyua kidevu, nikacheka, nikacheka sana, ili usione aibu.

"Imetoka," ukasema.

Nikasema, "Asante, mwanangu."

Ni mimi,
Atim